Chupa Nane Chumbani kwa Mama

Kazini walimwita Bi Tarehe, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo ya dawa katika zahanati ya mtaa, na kwa miaka yote hiyo hakuna kidonge kilichotoka mlangoni pake kikiwa kimepita muda hata kwa siku moja. Kila Jumatatu alipanda kingazi cha mbao, miwani puani, akapekua rafu moja baada ya nyingine, akigeuza kila boksi asome nyuma yake. Kilichokaribia kuisha alikivuta mbele. Kilichoisha alikitia kwenye ndoo nyekundu iliyo chini ya meza, akakiandika daftarini, basi. Wauguzi walimtania kwamba angeposwa tena, angemgeuza bwana harusi mgongo kwanza aone kama bado anafaa. Naye alicheka kidogo, akaendelea na rafu zake.

Kwa hiyo jambo alilolifanya jikoni kwake Jumamosi moja ya mvua, hakumwambia mtu.

Kutengeneza mvinyo wa mananasi alifundishwa na marehemu mumewe, na kila mwaka alitengeneza ndoo moja kwa ajili ya ndugu. Mwaka huu ndoo ilikuwa na kazi maalumu. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kusimama mbele ya mashine za kupiga chapa. Walipomuuliza anataka nini kwenye sherehe yake, alisema hataki saa ya ukutani wala hotuba, anataka mvinyo wa shemeji yake.

Basi Jumamosi hiyo alimenya mananasi kumi na mawili, akayaponda, akachuja, akachemsha maji yake na sukari, akayaacha kwenye ndoo kubwa yapoe. Yalipofikia uvuguvugu, alivuta droo achukue hamira. Pakiti mpya haikuwepo. Alimuuliza mama yake, aliyekuwa akiishi naye, na bibi huyo akajibu kutoka chumbani kwamba aliikandia mkate wiki iliyopita, na kwamba mkate wenyewe Bi Tarehe aliula na kuusifu. Akapekua tena mpaka nyuma kabisa ya droo, chini ya mishumaa na nyuzi, akapata pakiti moja ya zamani iliyokunjamana. Mkono uliigeuza wenyewe. Muda wake ulikuwa umepita kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Nje mvua ilikuwa ikishuka kama imeagizwa. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, mwenye duka amefiwa. Na ndoo nzima ya maji ya mananasi ilikuwa imekaa pale sakafuni. Ikilala hivyo hivyo bila hamira, asubuhi ingekuwa siki. Bi Tarehe alitia kijiko cha hamira ile kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu na sukari, akakaa kuitazama. Baada ya nusu saa kikatokea kijipovu chembamba pembeni, mfano wa mate kwenye mdomo wa mtoto aliyelala.

Haijafa yote, alijiambia. Akamimina glasi, akamimina na pakiti nzima. Kisha akaichana ile karatasi ya pakiti vipande vinne, akavifukia kwenye pipa la taka chini ya maganda ya mananasi. Kweli wahenga walisema mganga hajigangi.

Miaka mingine ndoo yake ilikuwa na kelele. Alikuwa akitoboa mfuniko, akapitisha mpira mwembamba, ncha yake ya pili akaitumbukiza kwenye kopo la maji ili gesi itoke bila hewa kuingia, na kwa wiki tatu kopo lile lilikuwa likibubujika mpaka mama yake analalamika. Safari hii lilibubujika kwa uvivu, pu, halafu kimya kirefu, halafu pu. Siku ya tisa likanyamaza kabisa. Alionja. Ulikuwa mtamu kama sharubati, na kilevi chake kilikuwa cha kutafuta kwa ulimi. Mvua haikuwa imekatika hata siku moja, na nyumba ilikuwa na baridi ya kuvaa soksi. Alijiambia mananasi ya mwaka huu ndiyo yalivyo. Akajaza chupa kumi na nne za kioo zenye vifuniko vya kusokota, akazikaza kwa kitambaa mpaka kiganja kikamuuma. Sita alizipeleka kwa dada yake kesho yake, zikisubiri sherehe wiki mbili mbele. Nane alizipanga ndani ya kabati la nguo, sehemu ya chini, chumbani kwa mama yake, kwa kuwa ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na mbili. Miguu ilikuwa imemchoka lakini si ulimi. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti chake kati ya kitanda na kabati, fimbo mapajani, akisikiliza redio na kuijibu.

Wiki ya pili jua likatoka. Lilitoka kwa hasira, kama mtu aliyefungiwa chumbani siku nyingi. Mabati yakaanza kulia kwa joto, watu wakaanika magodoro. Jumatano asubuhi, Bi Tarehe akiwa juu ya kingazi chake stoo, simu ikaita mfukoni. Alikuwa dada yake. Shemeji alikuwa ametapika tangu alfajiri, akajikunja kwa maumivu ya tumbo mpaka akashindwa kusimama, na sasa alikuwa amelazwa hospitali kubwa. Madaktari walikuwa bado wanampima.

Bi Tarehe alishuka vidato viwili, akashika rafu. Aliuliza alikula nini. Dada akasema walikula wali na maharage, wote kutoka sufuria moja, na yeye mwenyewe hana hata kichefuchefu. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba jana jioni shemeji alishindwa kuvumilia akafungua chupa moja ya mvinyo. Ilitoa povu kama soda, ikamwagikia shati. Alicheka sana, akasema mwaka huu shemeji yake ameingia mambo ya kisasa. Akanywa glasi mbili.

"Wewe ulikunywa?" Bi Tarehe aliuliza.

"Mimi na pombe wapi na wapi. Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalimfika kwenye koo, akayahisi pale kama mwiba wa samaki. Aliona ndoo nyekundu chini ya meza. Aliona sura ya dada yake, aliyesaidia kumlea tangu ana miaka mitano, aliyemwozesha, aliyesimama naye siku ya msiba. Akayameza.

"Nauliza tu. Ile iliyobaki msiiguse kwanza, iacheni ingoje sherehe."

"Sherehe ipi tena, mdogo wangu," dada alisema, na simu ikakatika.

Siku hiyo Bi Tarehe hakufanya kazi, alifanya maigizo ya kazi. Alihesabu chupa za dawa ya kikohozi mara tatu, akapata majibu matatu. Kila alipoona tarehe nyuma ya boksi, aliligeuza upande wa pili. Alimwendea mfamasia, akamuuliza kwa mzunguko, kama vile anaulizia habari za jirani, kitu kilichopita muda kinaweza kumfanya nini mtu. Mfamasia, akiwa na foleni dirishani, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba inategemea kitu chenyewe, kingine hakifanyi lolote na kingine kinaua figo. Akarudi stoo na neno hilo la mwisho tu.

Jioni alimpigia dada. Hali ilikuwa ile ile, dripu imewekwa, macho ya shemeji yameanza kuwa ya manjano. Bi Tarehe alikuwa amekaa miaka kumi na tisa karibu na wagonjwa. Alijua manjano ni ini. Alikata simu, akakaa kwenye ukingo wa bafu. Nimemuua mume wa dada yangu, alijiambia, na maneno hayo yakaendelea kujirudia kichwani mwake wakati anampakulia mama yake chakula, anamkunjia shuka, anamwitikia habari za redio. Mama yake alimwangalia kwa muda, akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni kichwa tu.

"Kichwa hakimfanyi mtu atie chumvi kwenye chai," mama alisema, akasukuma kikombe kando.

Alhamisi, kabla ya kwenda kazini, alisubiri mama yake aingie kuoga, akafungua kabati chumbani na kutoa chupa moja. Aliipeleka jikoni. Alipokizungusha kifuniko kilimtoka mkononi kwa kishindo kidogo, kikagonga dari, na mvinyo ukachemka juu ya shingo ya chupa, ukatapakaa mezani, ukatiririka mpaka sakafuni. Aliruka nyuma. Miaka yote aliyotengeneza mvinyo, haujawahi kufanya hivyo. Umeoza, aliwaza. Umeoza mpaka unatokota. Alijaza kichupa kimoja cha dawa, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, akakitia kwenye pochi kama mtu aliyebeba nyoka.

Zahanati ilikuwa na maabara ndogo, chumba kimoja chenye sinki, jokofu na hadubini, na mtaalamu wake alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Bi Tarehe alivizia wagonjwa wapungue. Saa saba na nusu mchana akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akaweka kichupa mezani, na kwa mara ya kwanza akasema. Alisema yote: droo, mvua, mwaka mmoja na miezi minne, vipande vinne vya karatasi, glasi mbili, macho ya manjano. Aliyasema akitazama sinki. Alipomaliza, alijiona mwepesi kama mtu aliyetapika, na mwenye aibu ile ile.

Binti hakucheka. Alivaa glavu, akadondosha tone moja kwenye kioo, akalifunika, akaliweka chini ya hadubini. Alizungusha vitufe polepole. Bi Tarehe alisikia jokofu likikoroma.

"Mama," binti alisema, jicho bado limebanwa kwenye lenzi, "hakuna sumu ya hamira kupita muda. Ikipita muda inakufa tu, au inadhoofika. Waliokufa hawamdhuru mtu. Shemeji yako anaumwa kitu kingine."

Bi Tarehe alikaa kwenye stuli. Machozi yalianza kumlengalenga, akaanza kushukuru, lakini binti alikuwa bado anatazama, na bega lake lilikuwa limekaza.

"Ila hii haijafa. Njoo uone."

Akainama. Ndani ya mwanga mweupe aliona vitu vidogo vya mviringo, vingi kama chenga za mchele, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na kijitoto ubavuni, kichipukizi kinachotaka kujimega.

"Vinazaana," binti alisema. "Vilikuwa vichache, na baridi ikavilaza. Sasa kuna joto, na sukari umeviachia ya kutosha. Vinakula, vinatoa gesi. Chupa zako umezifunga na nini?"

Bi Tarehe alimwonyesha kwa vidole: kusokota, na kitambaa, mpaka kiganja kiume. Rangi ya binti ilibadilika.

"Kioo?"

"Kioo."

"Ziko wapi?"

Bi Tarehe tayari alikuwa anatafuta simu kwenye pochi. Hofu aliyokuwa nayo tangu jana ilikuwa na umbo la kaburi, nzito, ya polepole. Hii ilikuja kama maji ya moto. Ilikuwa saa nane kasoro, jua liko upande wa dirisha la chumba kile, na kiti cha mama yake hakikuwa hata hatua moja kutoka kwenye milango ya kabati.

Simu iliita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, tayari yuko kwenye korido, na binti nyuma yake, glavu mkononi. Mara ya tatu ikapokelewa, redio ikisikika nyuma.

"Mama, uko wapi?"

"Niko wapi na mimi miguu yangu hii? Niko chumbani."

"Toka nje, Mama. Toka hapo chumbani sasa hivi, uende ukakae uani."

"Jua lote hilo?" Mama alishusha redio. "Afadhali umepiga. Humu kabatini kuna panya. Kimegonga kitu, to, kisha kinafanya sss. Nataka nifungue nimwone."

Bi Tarehe alisimama katikati ya korido. Wagonjwa kwenye benchi waliinua vichwa. Alijua akipiga kelele mama yake atabisha, ndivyo alivyoumbwa. Akashusha sauti, akaongea taratibu kama anavyoongea na mtoto aliyeshika kisu.

"Mama yangu, usifungue kabati. Si panya. Ni zile chupa, zinataka kupasuka. Nyanyuka, shika fimbo yako, utoke."

"Chupa gani? Umeweka nini kwenye nguo zangu?"

"Nitakwambia. Toka kwanza."

Alisikia kiti kikilia. Alisikia fimbo, ko, na mguu ukiburuzwa, na fimbo tena. Mama yake alikuwa akinung'unika kwamba nyumba hii siku hizi inafichwa fichwa mambo. Kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni zilikuwa hatua saba. Bi Tarehe alizijua kwa sababu alimshika mkono kwenye hatua hizo kila asubuhi. Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kishindo kilichotoka kwenye simu hakikuwa kama cha chupa. Kilikuwa kama mlango wa chuma uliobamizwa. Vikafuata vingine, na vioo vikimwagika, na kitu kizito kikianguka. Kisha redio peke yake, ikiendelea kusoma bei za mazao.

Aliita. Aliita mama, akaita tena, na hakuna aliyejibu. Binti wa maabara alimshika mkono, wakatoka mbio, wote wawili, mmoja na koti jeupe na mwingine na miwani imening'inia sikio moja. Nyumba ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Njiani hakuona mtu wala gari. Baadaye alisema kitu pekee anachokumbuka ni kwamba aliahidi. Hakumbuki alimwahidi nani, wala nini. Aliahidi tu, hatua kwa hatua, kila kitu alichokuwa nacho.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi kama kawaida ya mchana. Harufu ya mananasi na kilevi iliwapokea sebuleni. Mama yake alikuwa chini, kwenye sakafu ya korido, nje kidogo ya mlango wa chumba, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa mbele. Gauni lilikuwa limelowa. Kwenye shavu la mguu wa kushoto damu ilikuwa ikitiririka mpaka kwenye kandambili. Macho yalikuwa wazi.

Bi Tarehe alipiga magoti. Akamwita.

"Sema kwa nguvu," mama alisema. "Masikio yanalia. Nimekalishwa chini kama mzigo."

Binti alimtazama jeraha. Kipande cha kioo kirefu kama kidole kilikuwa kimepita kwenye nyama ya nyuma ya mguu, kikatoka. Hakikugusa mshipa mkubwa. Alifunga kitambaa kwa nguvu, akamwinua mama pamoja na Bi Tarehe, wakampeleka uani, wakamkalisha kivulini. Kisha binti akarudi, akachungulia chumbani kwa pembe ya mlango. Mlango mmoja wa kabati ulikuwa umeng'oka bawaba. Kiti cha mama kilikuwa kimelala chali, na kwenye kitambaa cha mgongo wake vipande vya kioo vilikuwa vimechomeka, vinne au vitano, usawa wa mahali ambapo kichwa hukaa. Binti aliviona, na Bi Tarehe nyuma yake akaviona.

Ndani ya kabati, chini, kati ya nguo zilizolowa, chupa tatu zilikuwa bado nzima.

Binti alisema wasiziguse kwa hali ile, zipozwe kwanza. Waliloweka mablanketi mawili kwenye beseni. Bi Tarehe alikataa mtu mwingine kuingia. Alisema alizifunga yeye. Alivaa koti zito la marehemu mumewe, akajifunga taulo usoni mpaka chini ya miwani, akaingia akiwa ameshika blanketi la maji mbele yake kama ngao. Hatua zile zile saba. Kutoka kwenye kabati alisikia mlio mwembamba, sss, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Aliachia blanketi la kwanza, likaanguka pat juu ya chupa. Hakuna kilichotokea. Akarudi kinyumenyume, akachukua la pili, akaingia tena.

Ni alipotoka mara ya pili, amevua taulo, anahema mlangoni, ndipo alipokumbuka. Sita alizipeleka kwa dada. Moja imefunguliwa. Tano ziko wapi? Dada alimwambia siku ile ile alipozipokea: juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko, zisiguswe na wajukuu.

Alipiga simu. Dada alipokea haraka, sauti yake nyepesi kidogo kuliko jana. Alisema madaktari wamepata jibu. Ni vijiwe kwenye nyongo, kimoja kimeziba njia, ndiyo manjano yale; atapasuliwa kesho, na wamesema atapona. Yeye ameshuka kwenye gari sasa hivi, anaingia nyumbani kumchukulia nguo.

"Dada, usiingie. Umefika wapi?"

"Nimeshika ufunguo. Una nini?"

Safari hii hakumeza. Alisema akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, kwamba hamira ilikuwa imepita muda, kwamba alijua tangu anaitia, kwamba mvinyo umechacha upya ndani ya chupa, kwamba nne zimeshapasuka hapa na Mama ameumia mguu, na kwamba zile za juu ya kabati la jikoni zitapasuka usawa wa uso wake. Alisema, "Kaa nje, Dada. Nakuomba. Kaa mbali na dirisha."

Akasikia ufunguo ukitolewa kwenye kitasa.

"Mama ameumia vipi?"

"Mguu. Anaongea."

"Na jana uliponiambia tusiiguse, ulikuwa unajua?"

"Nilidhani imemtilia sumu shemeji. Niliogopa."

"Ulidhani mume wangu amekunywa sumu," dada alisema polepole, "na ukaniacha nikae na madaktari siku nzima wananiuliza amekunywa nini, na mimi nawajibu ni glasi mbili za mvinyo wa nyumbani, basi."

Dada alikata simu. Alikaa nje, kwenye ngazi za jirani, na saa tisa na robo, mbele ya majirani waliokusanyika, dirisha la jikoni kwake likatoka lote na fremu yake. Ilipasuka moja ikazipasua zote. Zilikuwa dakika ishirini tu tangu ashike ufunguo.

Mama alishonwa nyuzi tisa zahanati, na mtaalamu wa maabara akakaa naye. Kesho yake asubuhi, zile tatu zilizobaki chini ya blanketi zikiwa zimeshapoa, Bi Tarehe alizifungulia moja moja ndani ya taulo, kwa kukizungusha kifuniko unywele kwa unywele huku uso ameugeuza pembeni, gesi ikitoka kwa filimbi ndefu. Kila moja ilimchukua robo saa. Akazimwaga kwenye shimo la maji machafu.

Shemeji alipasuliwa salama. Jumapili Bi Tarehe alikwenda wodini, akasimama miguuni pa kitanda, akamweleza mwenyewe tangu mwanzo. Mpiga chapa alisikiliza, macho yameanza kurudi meupe, na simulizi ilipofika kwenye dirisha la jikoni akaanza kucheka, akashika mshono wake, akamsihi aache kusimulia kwa sababu anaumia. Alisema vile vijiwe alikuwa navyo pengine tangu mashine ya kwanza. Dada yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, anakunja taulo. Hakucheka. Alikunja ile taulo, akaikunjua, akaikunja tena.

Wiki mbili dada hakupokea simu zake. Mama naye alikataa kurudi chumbani kwake. Alihamia sebuleni na redio, na kila kitu kilipogongwa, hata mlango wa jirani, alikuwa akishika mkono wa kiti. Bi Tarehe alimwona akifanya hivyo mara nyingi. Ule usemi wa mficha maradhi kifo humuumbua, mama aliusema mara moja tu, wakati anakula, bila kumtazama mtu, kisha akaomba chumvi.

Jumamosi ya tatu dada alikuja. Hakubisha hodi kwa furaha kama zamani, aliingia tu, akamsalimia mama, akauliza jeraha limefikia wapi. Alivuta kigoda, akafungua mfuko wake wa bendeji na dawa, akaanza kuusafisha mguu. Bi Tarehe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hajui aende mbele au nyuma.

"Sijamaliza kukasirika," dada alisema, bila kugeuka. "Usidhani nimemaliza."

"Najua, Dada."

"Basi usisimame hapo. Shika mguu wa Mama, uuinue kidogo, nifunge."

Akaenda, akapiga magoti, akaushika.